Nicodemus Iko Wapi? Hotuba Kuhusu Mji Mdogo wa Nyika ya Kansas

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa hapa mbele, mama zetu, kaka na dada zangu, shikamooni wale wanaostahili shikamoo, na kwenu mliosalia, habari za jioni.

Niliombwa niseme machache juu ya historia ya huku tunakoishi, nami nimechagua mji ambao wengi wetu tumepita karibu nao mara nyingi bila kuujua. Tunaposafiri kwenda Denver kwa barabara kuu ya I-70 tunaiacha Hays, tunapita Ellis, tunapita WaKeeney, na abiria akiamka usingizini huona yaleyale aliyoyaacha alipolala, yaani anga na ngano. Pale Ellis, ukielekeza uso kaskazini, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 50 kwa mstari ulionyooka, upo mji mdogo uitwao Nicodemus katika kaunti ya Graham. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 14. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya watu hao 14 na juu ya mamia waliowatangulia, kwa sababu mji huo ulianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka kumi na miwili tu kabla yake, na kati ya miji ya aina hiyo iliyozaliwa magharibi ya mto Mississippi katika miaka ile, ndio ambao bado una watu wake.

Nitaanza na ardhi yenyewe, maana asiyeijua ardhi ya Graham hawezi kuelewa kwa nini watu walilia walipofika, wala kwa nini wengine wao walikataa kuondoka.

Ardhi ile ilikuwa sakafu ya bahari. Miaka ipatayo milioni 80 iliyopita bahari ya kina kifupi ililikata bara la Amerika Kaskazini katikati, kutoka Aktiki hadi Ghuba ya Meksiko, na mabaki ya viumbe wake wadogo yalilundikana, yakagandamana, yakawa ile chokaa ambayo wanajiolojia huiita Niobrara. Ndiyo maana katika makorongo ya magharibi ya Kansas watu huokota meno ya papa na mifupa ya samaki wakubwa, ilhali leo bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Mawe ya chokaa ya eneo hilo ndiyo yaliyojenga nyumba za kwanza za kudumu za Nicodemus, na ukiligusa leo ukuta wa jumba la mji, unagusa tope la bahari hiyo.

Juu ya chokaa kuna udongo laini ulioletwa na upepo kwa maelfu ya miaka, na udongo huo una rutuba. Lakini juu ya udongo walikuta majani, na majani ya nyika si kitu cha kudharau. Mizizi yake huteremka chini kuliko urefu wa mtu na kusukana mithili ya mkeka, hata jembe la mkono likipigwa juu yake hurudi na mlio. Miti ilikuwa haba, imejipanga kando ya mto tu, na mto wenyewe ni tawi la kusini la Solomon, linalopita kusini ya mji likielekea mashariki, hadi maji yake yachangamane na ya Smoky Hill, kisha yaingie mto Kansas na baadaye Missouri. Mahali pengine pote palikuwa uwanda unaopanda na kushuka taratibu, katika mwinuko wa mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, usio na kizuizi cha upepo upande wowote.

Mvua nayo ina mpaka wake. Nicodemus uko kilomita zipatazo 30 tu mashariki ya meridiani ya 100, mstari ambao Wamarekani wameuzoea kama mpaka kati ya nchi inayopata mvua ya kutosha kilimo na nchi isiyopata. Mwaka 1878 mpelelezi na mwanajiolojia John Wesley Powell alitoa ripoti kwa serikali ya Marekani akionya kwamba katika nchi kame za magharibi ya hapo mkulima hawezi kutegemea mvua peke yake bila umwagiliaji. Fikirini jambo hili: mwaka uleule ambao mtaalamu huyo alikuwa anatoa onyo lake, watu wa Nicodemus walikuwa wanaingia na majembe mabegani kwenye ukingo wa nchi hiyohiyo, na hakuna mtu aliyewasomea ripoti hiyo. Katika ukanda huo mwaka mmoja huleta mvua ya kutosha mahindi, unaofuata hauleti kitu. Pepo za moto za Julai huweza kukausha shamba lote kwa siku tatu.

Wala ardhi hiyo haikuwa tupu. Wapawnee waliwinda huko, Wacheyenne na Waarapaho waliwinda huko, na nyati wa Marekani walikuwa uhai wao. Mkataba wa Medicine Lodge wa mwaka 1867 uliwasukuma Wacheyenne na Waarapaho wa kusini kwenye hifadhi, na wawindaji wa ngozi wakawamaliza nyati katika miaka ya 1870. Mwezi Septemba 1878, Nicodemus ikiwa na umri wa mwaka mmoja, kundi la Wacheyenne wa Kaskazini lilitoroka hifadhi ya Oklahoma ya leo na kupita magharibi ya Kansas likijaribu kurudi kwao, huku jeshi likilifuatia. Nasema haya kwa sababu kila tunapowasifu walioipata ardhi inatupasa tukumbuke pia walionyang'anywa, na walionyang'anywa hapa hawakunyang'anywa na watu wa Nicodemus. Ilikuwa ni serikali iliyoitwaa kwa mkono mmoja, kisha ikaigawa kwa mkono wa pili.

Namna ya kugawa iliwekwa na Sheria ya Makazi ya mwaka 1862. Mtu aliyekuwa raia, mwenye umri wa miaka 21 au mkuu wa kaya, mwanamume, mjane au mwanamke asiyeolewa, aliweza kuandikisha ekari 160 za ardhi ya umma kwa ada ndogo, na akiishi hapo miaka mitano, akijenga na kulima, alipewa hati ya kumiliki. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe watu weusi wakawa raia, na kwa hiyo sheria hiyo ikawa yao pia. Wazee wetu wanafahamu vizuri tofauti ya kulima shamba la mtu na kulima shamba lako. Huko Kusini waliokuwa watumwa walikuwa wanalima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mwisho wa mwaka hesabu ilikuwa mikononi mwake yeye. Ekari 160 zenye jina lako kwenye karatasi ya serikali zilikuwa habari ya kumfanya mtu aache kila kitu.

Mwezi Aprili 1877 ikaundwa Kampuni ya Mji wa Nicodemus. Waanzilishi wake walikuwa saba, sita weusi na mmoja mweupe. Rais wake alikuwa mchungaji W. H. Smith, mtu mweusi, na mhazini alikuwa W. R. Hill, mzungu wa Indiana aliyekuwa na ujuzi wa biashara ya viwanja na hamu kubwa ya faida. Katibu alikuwa mchungaji Simon Roundtree. Inasimuliwa kwamba Roundtree alikuwa na alama ya chuma cha moto usoni, adhabu aliyopewa utumwani kwa kosa la kujifunza kusoma. Mtu huyo ndiye aliyeandika kumbukumbu za kampuni.

Jina la mji limezua maswali mengi. Sisi tuliolelewa na Biblia ya Kiswahili tunafikiri mara moja juu ya Nikodemo wa Injili ya Yohana, yule aliyemwendea Yesu usiku akaambiwa habari za kuzaliwa mara ya pili. Wapo wanaolieleza jina kwa njia hiyo. Lakini wengi wa wana wa mji husimulia habari nyingine, ya mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyeletwa Marekani kwa meli ya watumwa akajikomboa kwa fedha zake mwenyewe, na simulizi hiyo ilikuwa ikiimbwa nchini katika miaka ya vita. Mimi naona hakuna haja ya kuchagua, maana habari zote mbili zinafaa kubandikwa kwenye mlango wa mji kama ule.

Kampuni ikatawanya matangazo. Tangazo moja lililochapishwa Lexington, Kentucky, liliwaambia watu weusi kwamba anayetaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 anaweza kwenda kwa dola 5. Kwa nini Kentucky? Jimbo hilo halikujitenga wakati wa vita, kwa hiyo tangazo la Lincoln la kuwaweka huru watumwa halikuligusa. Utumwa ulikoma huko kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba mwezi Desemba 1865 tu, na bunge la Kentucky lenyewe halikuyaridhia marekebisho hayo hadi mwaka 1976. Wapanda farasi wa usiku waliokuwa wakiwachapa na kuwaua watu weusi walikuwa jambo la kawaida mashambani. Wengi waliohama walitoka mji wa Georgetown na kaunti ya Scott, na baadhi ya koo za Nicodemus hufuata nasaba yao hadi kwenye shamba la Richard M. Johnson, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani. Mwaka 1877 huohuo majeshi ya serikali kuu yaliondolewa Kusini, na kila mwenye macho aliona nini kitafuata. Kansas kwa upande wake ilikuwa na sifa: ilikuwa nchi iliyomwaga damu katika miaka ya 1850 ili isiwe jimbo la watumwa, nchi alikopigana John Brown, yule mpinzani mkali wa utumwa.

Basi wakaja. Mwezi Julai lilifika kundi dogo kutoka Topeka, na mwezi Septemba watu wapatao 300 kutoka Kentucky. Treni iliwashusha Ellis, na kutoka Ellis hapakuwa na barabara. Wengine walikuwa na magari ya kukokotwa, wengi walitembea kwa miguu, wakifuata njia za paa na nyati, kwa siku mbili. Miongoni mwao alikuwemo Emma Williams, mjamzito, ambaye mwanawe Henry ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa Nicodemus.

Masika ya mwaka 1878 lilikuja kundi jingine, likiongozwa na mchungaji Daniel Hickman, na ndani yake alikuwemo mkewe, Willianna. Walipofika Ellis surua iliwashika watoto, na baadhi ya watoto walizikwa hapohapo kabla safari haijaendelea. Willianna mwenyewe alikuwa mgonjwa. Baadaye sana, akiwa mzee, alisimulia safari hiyo, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya niipe hotuba hii jina lake. Alisema kwamba wanaume walipiga kelele wakisema Nicodemus ile, naye akatazama kwa macho yake yote, akauliza: "Nicodemus iko wapi? Mimi siioni." Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini hapa na pale, akamwambia, "Ile ndiyo Nicodemus." Watu walikuwa wakiishi ndani ya mashimo. Willianna alisema mandhari haikuvutia hata kidogo, naye akaanza kulia.

Nimesimama mahali pale, ndugu zangu, mwezi wa Machi, na upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu kiasi kwamba mlango wa gari ulitaka mikono miwili. Nilijaribu kuwaza mama aliyetoka Kentucky, nchi ya vilima vya kijani, misitu na chemchemi, amezoea kuona moshi ukitoka juu ya paa, sasa anaambiwa kwamba moshi unaotoka kwenye nyasi ndio mji alioahidiwa. Nyumba hizo zilichimbwa kwenye ubavu wa mwinuko, au chini kabisa katika ardhi tambarare, zikafunikwa kwa matawi ya mtoni, majani na mapande ya udongo wenye mizizi, na kila moja ilikuwa na tundu la jiko juu. Waliojua tembe za Ugogo watapata picha kidogo, ila tembe ina kuta juu ya ardhi, na hizi karibu zote zilikuwa chini. Nyoka waliingia, na mvua ikinyesha paa lilichuruzika tope kwa siku kadhaa. Lakini zilikuwa na joto wakati wa baridi, na hazikuhitaji mbao ambazo hazikuwepo. Ziliwaokoa.

Wengine waligeuka palepale. Familia kadhaa za kundi la Septemba ziliondoka karibu mara tu zilipoona mahali penyewe, na hasira dhidi ya W. R. Hill ilikuwa kubwa hata inasimuliwa kwamba ilimbidi ajifiche ili asinyongwe. Siwezi kuwalaumu walioondoka. Walikuwa wameambiwa wataukuta mji, na hawakuukuta.

Waliobaki waliingia katika baridi ya kwanza wakiwa wamechelewa kupanda, hawana mavuno, hawana mifugo ya kutosha. Walipikia kinyesi kikavu cha nyati na mashina ya alizeti. Walituma wajumbe, Roundtree na Zach Fletcher miongoni mwao, kwenda mashariki ya jimbo kuomba chakula na mbegu, na misaada ikaja kutoka Kansas na hata Michigan. Na wazee wa mji wamerithisha kumbukumbu moja ambayo mimi naipenda kuliko zote: kwamba Waosage waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda walipita hapo wakawagawia nyama. Watu waliokuwa wanapoteza nchi yao waliwalisha watu waliokuwa hawajapata yao bado.

Masika yalipofika walianza kupasua ardhi. Farasi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo wengi walitumia jembe la mkono na sepetu, na kaya iliyolima ekari chache mwaka ule ilikuwa imefanya kazi kubwa. Wanaume walisafiri kwenda kufanya kibarua kwenye reli na mashamba ya mbali, na wanawake wakabaki wakilima na kulinda madai ya ardhi, kwa sababu sheria ilitaka mtu aishi katika shamba lake. Zach Fletcher akawa msimamizi wa posta na mwenye duka. Mkewe, Jenny, akawa mwalimu wa kwanza wa watoto wa mji. Mwaka 1880 hivi walijenga kwa mawe ya chokaa hoteli waliyoiita St. Francis, na nyumba hiyo ingali imesimama.

Wakati huohuo wimbi kubwa zaidi lilikuwa linafika Kansas. Mwaka 1879 maelfu ya watu weusi waliondoka Mississippi, Louisiana na Tennessee kwa mashua na kwa miguu, wakaitwa watu wa Kutoka, kwa kufananishwa na wana wa Israeli. Wakazi weusi wa jimbo waliongezeka kutoka kiasi cha 17,000 mwaka 1870 hadi zaidi ya 43,000 mwaka 1880. Wengi wao walibaki katika miji ya mashariki. Mara nyingi Nicodemus huchanganywa na wimbi hilo, lakini yenyewe ilitangulia kwa miaka miwili, na watu wake walikuja kwa mpango, wakiwa na kampuni, katibu na ramani ya viwanja.

Katikati ya miaka ya 1880 mvua zilikuwa nzuri. Mji ukawa na maduka, hoteli, makanisa, shule, daktari, wakili, chama cha kusoma na kujadili, timu ya besiboli, na magazeti mawili, Western Cyclone lililoanza 1886 na Nicodemus Enterprise lililofuata 1887. Kijana mmoja aliyekuja kutoka Chicago mwaka 1878, Edward P. McCabe, aliteuliwa karani wa kwanza wa kaunti ya Graham ilipopata serikali yake mwaka 1880, kisha mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, na akachaguliwa tena 1884. Wapigakura wa jimbo hilo karibu wote walikuwa weupe.

Sasa nifike kwenye reli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu reli ndiyo iliyoamua hatima ya kila mji wa nyika. Mkulima wa ngano aliye mbali na stesheni hula faida yake njiani. Mfanyabiashara aliye mbali na stesheni hununua bidhaa kwa bei ya juu na kuuza kwa watu wasio na fedha. Kwa hiyo miji yote ilizishawishi kampuni za reli kwa ardhi na fedha, na kampuni zilijua namna ya kuishindanisha. Mwaka 1887 kampuni ya Missouri Pacific ilipima njia ya kupita Nicodemus, na wapigakura wakaidhinisha hati fungani za dola 16,000 ili ije. Tafadhalini, itazameni fedha hiyo: ni watu waliofika miaka kumi kabla wakila nyama ya kugawiwa, sasa wanajitwika deni la dola 16,000 kwa ajili ya kesho ya watoto wao. Missouri Pacific haikujenga. Union Pacific ilijenga, lakini mwaka 1888 reli yake ikapita ng'ambo ya pili ya mto Solomon, umbali wa kilomita chache, na kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji wa Bogue.

Wafanyabiashara walifanya walichoona hawana budi kukifanya. Walipakia bidhaa, wengine wakapakia na majengo yenyewe, wakahamia Bogue. Magazeti yakanyamaza. McCabe alikwishaondoka, akaenda Oklahoma, ambako mwaka 1890 alishiriki kuanzisha mji wa watu weusi wa Langston. Na Hill, yule mhazini, alikuwa ameshaanzisha mji mwingine magharibi yake, wenye jina lake mwenyewe, Hill City, na huo ndio ulioshinda kuwa makao makuu ya kaunti.

Kwa miji mingi ya nyika habari ingeishia hapo. Kuna mamia ya majina kwenye ramani za Kansas za miaka ya 1880 ambayo leo ni shamba la mtama tu. Nicodemus haikuishia hapo kwa sababu moja ambayo naomba tuishike vizuri: maduka yalihama, lakini ardhi haikuhama, na hati za ardhi zilikuwa na majina ya watu wa Nicodemus. Wakulima walibaki. Walijifunza ngano ya majira ya baridi, inayopandwa vuli, kulala chini ya theluji na kuvunwa kabla pepo za moto hazijachukua kila kitu, na walijifunza mtama unaovumilia ukame. Kanisa la Kibaptisti lilijengwa upya mwaka 1907, miaka karibu ishirini baada ya reli kuupita mji kando. Shule ilijengwa upya mwaka 1918. Watu wasiotarajia kukaa hawajengi shule.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyouumiza mji kuliko reli. Ukame, vumbi lililofunika jua, bei ya ngano iliyoanguka, madeni. Vijana walikwenda Topeka, Denver, Kansas City na California. Mpango wa ajira wa serikali ya Roosevelt uliajiri wenyeji kujenga jumba la mji kwa mawe ya chokaa, likakamilika mwaka 1939, na jumba hilo likawa moyo wa mji uliokuwa unazidi kupungua. Kufikia mwaka 1950 walibaki watu 16. Trekta na mashine za kuvunia zilikuwa zimefanya shamba moja limeze mashamba matano, na hali hiyo haikuchagua rangi: ukipita kaunti zote za jirani utakuta shule zilizofungwa na ghala za nafaka zilizo ndefu kuliko kitu chochote kinachoishi.

Hata hivyo tangu mwanzo watu wa Nicodemus walikuwa na desturi ya kukusanyika tarehe 1 Agosti, siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika visiwa vya Karibi vya Uingereza mwaka 1834. Sherehe hiyo iliendelea mwaka baada ya mwaka, na kadiri waliohama walivyoongezeka ndivyo ilivyogeuka kuwa siku ya kurudi nyumbani. Leo hufanyika mwishoni mwa juma la mwisho la Julai, na mji wa watu 14 hujaa mamia. Mchezaji maarufu wa futiboli ya Kimarekani, Veryl Switzer, aliyezaliwa Nicodemus mwaka 1932 na kuchezea timu ya Green Bay Packers, alirudi kulima ardhi ya ukoo wake. Angela Bates, mjukuu wa mji huo, alianzisha chama cha historia ya Nicodemus mwaka 1988, na jitihada za watu kama yeye zikazaa matunda tarehe 12 Novemba 1996, serikali kuu ilipoufanya mji kuwa eneo la kihistoria la taifa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Majengo matano yanalindwa: hoteli ya St. Francis, kanisa la Kibaptisti, kanisa la Kimethodisti la Kiafrika, shule, na jumba la mji.

Wapo wanaoandika kwamba Nicodemus ni mji mfu. Napingana nao. Sensa ya Marekani huhesabu mtu mahali anapoishi na kulala siku nyingi, na kwa kipimo hicho Nicodemus ina watu 14. Lakini wengi wetu humu ukumbini tumehesabiwa Wichita na Kansas City, na tukiulizwa kwetu ni wapi tunataja vijiji ambavyo hatujalala kwa miaka kumi, na tunatuma fedha huko za kuezeka kanisa, msikiti au shule. Tunajua kwamba mtu anaweza kuwa wa mahali bila kuwapo. Tofauti ni kwamba watu wa Nicodemus walikuwa na mababu walioondolewa mahali pao kwa minyororo hadi jina la kijiji likapotea. Kisha wajukuu wakatengeneza mahali pengine pa kurudi, kwa jembe, katika udongo uliokataa jembe.

Kwa wale wanaotaka kwenda, na nawasihi mwende, hii ndiyo njia. Mkitoka huku kwa I-70 mkielekea magharibi, piteni Ellis, mahali walipozikwa wale watoto wa surua, mwendelee hadi WaKeeney. Hapo mshike barabara ya 283 kwenda kaskazini hadi Hill City, kisha mgeuke mashariki kwa barabara ya 24. Mtaona kibao cha Bogue, na baada ya kilomita chache mtauona mji upande mmoja wa barabara, nyumba chache, mnara wa maji, kanisa. Bebeni maji ya kunywa, na kama ni Julai bebeni kofia. Jumba la mji ndilo lililotumika kupokea wageni, ulizeni hapo. Kisha, kabla ya kuondoka, tokeni nje ya majengo mtembee kidogo kwenye nyasi kuelekea mtoni. Bado kuna mabonde madogo ardhini yaliyobaki kutoka kwenye zile nyumba za kuchimbwa, yameota majani, na msipoangalia mtayapita mkidhani ni ardhi tu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.